Kijana wa mbio ndefu, wacha kushinda wenzako mazoezini: mwongozo kamili wa kuendelea mwaka baada ya mwaka

Hii nimeiandika juu nimechoka kujibu swali moja: mbona nilianza mwaka vizuri nikaishia kuumia? Kila mwaka ikifika Aprili kuna vijana wananitafuta, mara wa Kayole, mara wa Githurai, na stori ni ile ile: Januari alikua moto, Februari akashusha taimu, Machi muundi ukaanza kuuma, saa hii hata kukimbilia matatu hawezi. Nikimuuliza wiki yake ilikuaje naambiwa Jumatatu ngumu, Jumanne ngumu, Jumatano ngumu zaidi manake kulikua na jamaa mpya kwa kikundi na hakuna aliyetaka kuachwa naye. Mbio za sakafuni, na ukingo wake kila mwaka ni Aprili.

Huu ni mwongozo wa wewe wa miaka 14 hadi 19 hivi, unakimbia mita 1500 kwenda juu, na unataka kuwa mkali ukiwa na 24 pia, si ukiwa na 16 peke yake. Ufuate kwa mpangilio. Wengi wanaruka moja kwa moja hadi ile hatua ya spidi na ndio maana wananitafuta tena Aprili inayofuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viatu. Sio lazima vipya. Gikomba na Toi unapata viatu vya kukimbia vizuri ukijua kuangalia, manake wauzaji wanaosha, wanabandika gundi, na kiatu kilichokufa kinang'aa kama cha dukani. Kwa hivyo usiangalie rangi. Kiweke juu ya meza ukitazame kutoka nyuma: kikiegemea upande mmoja, wacha. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao ama imejaa mikunjo, wacha. Kikunje: kinafaa kujikunja pale vidole vinapojikunjia, kikijikunja katikati kama chapati hicho pia wacha. Kiatu cha kukimbia huwa kinachoka kati ya kilomita 500 na 800, na cha mitumba tayari kimekula zake, so usikipe miaka miwili. Na vile vya bei vyenye sahani ya kaboni ndani ya soli usivitafute, pesa hiyo nunua mayai.

Saa yoyote yenye kuhesabu dakika na sekunde. Casio ya kawaida inatosha kabisa. Utakimbia kwa dakika, sio kwa kilomita, kwa hivyo GPS haina haraka.

Daftari na kalamu. Hapa sibishani na mtu. Kila siku andika dakika ngapi, ulijisikia vipi, ulilala saa ngapi, wapi panauma. Eliud Kipchoge alichukua dhahabu ya dunia ya mita 5000 kule Paris 2003 akiwa na miaka 18, rekodi ya dunia ya marathon akaivunja Berlin 2018, miaka 15 baadaye, na miaka yote hiyo amekua akiandika mazoezi yake kwa daftari. Wewe unashindwa na laini tatu?

Mahali pa udongo. Karura kuna kiingilio lakini njia zake ni udongo na kivuli, haina kifani hapa mjini. Msitu wa Ngong Road ni mzuri pia ila usiende peke yako. Ukiwa Eastlands na nauli ni shida, uwanja wa mpira wa mtaa ama wa shule unatosha, zunguka tu, na katikati ya mazoezi geuza upande ili mguu mmoja usibebe kona zote. Lami iwe ya kuunganisha njia tu, na pembeni mwa Thika Road saa za jam hapana, unavuta moshi badala ya hewa.

Mtu mmoja mzima anayejua unakimbia wapi na unarudi saa ngapi. Nairobi hakujapambazuka vizuri hadi karibu saa 12 na nusu, na kijana anayekimbia gizani saa 11 alfajiri peke yake ananipa wasiwasi.

## Hatua ya 1: Jua uko wapi kwanza (wiki 2)

Wiki mbili usibadilishe kitu. Kimbia vile umezoea na uandike. Ukimaliza jumlisha dakika za kila wiki, hiyo ndio namba yako ya kuanzia, sio ile ya rafiki yako na sio ile umeona kwa simu ati mabingwa wa Iten wanafanya. Hao wamejenga miaka kumi kabla uwaone.

Kama hukua unakimbia kabisa, anza na siku 4 kwa wiki, dakika 30 kila siku, ukichoka tembea. Hakuna aibu.

Onyo moja: wiki hizi watu hujidanganya, wanakimbia zaidi ndio daftari lipendeze. Utalipa hiyo deni wiki ya 5.

## Hatua ya 2: Jifunze kukimbia pole (hii ndio yenyewe)

Najua unaona kama utani. Unajua kukimbia pole kweli? Hujui. Karibu kila kijana nimekimbia naye, mbio zake za pole ni mbio za kati: haziko pole kiasi cha kukujenga, haziko ngumu kiasi cha kukufundisha spidi, ni za kukuchosha tu.

Ukikimbia pole kwa muda mrefu moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na misuli inajua kutumia mafuta ya mwili kama kuni. Hayo yote yanakuja polepole, miezi na miaka, na yanakuja bila kukuvunja. Afu kuna mifupa na kano. Pumzi inaimarika ndani ya wiki chache, mfupa wa muundi unataka miezi. Kwa hivyo kuna kipindi unajisikia simba kifuani na miguu bado ni ya swala mtoto, na hapo ndipo wengi huvunjika.

Kipimo ni hiki: kimbia na mwenzako umsimulie mechi ya jana, yote, nani alikosa penalti na refa alikula nini. Sentensi nzima nzima. Ukianza kukata maneno, "goli... ya pili... ilikua...", umeenda haraka, punguza. Ukiwa peke yako jisimulie, watu wa Karura wameshaona mengi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, so ukikimbia na binamu wa Mombasa amekuja likizo usishangae akihema, na wewe ukienda kule usishangae ukijisikia umepewa mapafu mapya. Ninachomaanisha, usichukue pesi, yaani mwendo, ya mtu wa kule chini ukailazimisha hapa. Fuata pumzi yako.

Shida kubwa ni kikundi. Mnaanza vizuri, mnapiga stori, ikifika dakika ya 25 kuna mmoja anasogea hatua moja mbele. Hasemi kitu. Mwingine anamfuata. Dakika ya 35 mnakimbia fainali ya Olimpiki kwa njia ya msitu na ng'ombe wa watu wanawashangaa. Nimekua huyo wa kusogea mbele, kwa hivyo nakuambia kwa kujua: nilishinda Jumanne nyingi sana, na Jumamosi ya mashindano nilikua natokea nikiwa nimeshaisha. Ukiwa na kikundi cha namna hiyo, siku za pole kimbia peke yako ama na mtu ambaye ni slo kuliko wewe. Baki nyuma. Wakikuuliza waambie kocha amesema.

Utajua umeiweza wakati unamaliza na unajisikia ungeweza kurudia, na wiki ya 6 ama ya 8 ile njia ile ile, kwa pumzi ile ile, unaimaliza mapema kidogo bila kujaribu. Hiyo dakika umeokota bure ni injini mpya.

## Hatua ya 3: Panda ngazi, usiruke ukuta

Wiki 3 unaongeza, wiki ya 4 unashuka. Mfano wa mtu wa dakika 120: wiki ya kwanza 120, ya pili 135, ya tatu 150, ya nne rudi 110. Ya tano anza tena na 150, kisha 165, kisha 180, halafu ya nane shuka hadi 130.

Wiki ya kushuka sio uvivu, mwili unajengeka ukipumzika, mazoezi ni kubomoa tu. Wengi wanairuka juu wanajisikia vizuri. Unajisikia vizuri ndio maana unaichukua, ukingoja ujisikie vibaya umechelewa.

Kitu ingine ambacho vitabu vya wakubwa havikwambii: wewe bado unakua. Ukiona suruali ya shule imeanza kukupanda miguuni, mfupa unarefuka haraka kuliko misuli na kano, na panaanza kuuma pale chini ya kofia ya goti ama nyuma ya kisigino. Miezi hiyo usipande ngazi. Kaa hapo hapo ama ushuke, punguza kuruka na vilima, ngoja. Taimu pia zinaweza kusimama kipindi hiki, sana sana kwa wasichana mwili ukibadilika, na kocha asiyejua hilo anakuambia umekua mvivu. Hujakua mvivu. Zitarudi.

## Hatua ya 4: Straidi na kilima kifupi

Baada ya wiki 4 za hatua ya 3, mara mbili kwa wiki, ukimaliza mbio za pole ongeza straidi 4 hadi 6 uwanjani: sekunde 20 za spidi nzuri lakini iliyolegea, mabega chini, uso umetulia, halafu tembea dakika nzima hadi pumzi irudi. Unafundisha miguu kusonga haraka bila kuichosha. Kama unakunja uso na kukaza ngumi umezidisha.

Mwezi unaofuata, straidi za siku moja zipeleke kwa kilima. Sekunde 10 hadi 15 kupanda kwa nguvu, kushuka ni kutembea, mara 6. Kilima kinakupa nguvu ya miguu na kinakulazimisha kuinua magoti vizuri, na athari ya kugonga chini ni ndogo kuliko tambarare. Kushuka kwa kasi kwenye lami ndio sumu, hapo ndio magoti huishia.

## Hatua ya 5: Siku moja ngumu kwa wiki. Moja.

Hapa ndipo kila mtu alikua anataka kufika. Sawa, lakini usifike kabla ya kumaliza wiki 8 za hizo hatua zingine.

Anza na dayagonali. Ingia uwanja wa mpira, kimbia kwa spidi kutoka kona hadi kona ile ya mkabala, halafu jog polepole nyuma ya goli hadi kona ingine, kata tena. Dakika 12 mara ya kwanza, ongeza hadi 20. Nazipenda kuliko treki kwa sababu hakuna taimu ya kukutia wazimu, ni nyasi, na huwezi kujipima na mtu raundi kwa raundi.

Baada ya wiki kama 6 badilishana na fatleki: dakika 1 haraka, dakika 1 pole, mara 10. Baadaye kabisa, tempo ya dakika 15, ile pesi unaweza kutamka maneno matatu manne lakini si sentensi.

Kabla ya yoyote kati ya hizo, dakika 15 za kupasha mwili moto na straidi 3. Julai Nairobi ni baridi, ongeza hata dakika 5.

Sheria ni moja: ya mwisho iwe sawa na ya kwanza, na umalize ukiwa na ingine moja mfukoni. Ukitapika hukushinda kitu. Ukiamka kesho yake miguu ni mizito lakini hakuna mahali pamoja panapouma, ulipiga sawa. Miguu ikiwa bado ni mizito siku ya tatu, punguza wiki inayofuata.

Siku mbili ngumu kwa wiki ni za miaka 17 kwenda juu, aliyemaliza mwaka mzima bila kuumia. Na kati ya hizo siku mbili ziweko siku mbili za pole.

## Hatua ya 6: Mbio ndefu ya wikendi

Fupi hii. Siku moja, kawaida Jumamosi ama Jumapili baada ya kanisa, kimbia dakika nyingi kuliko siku zingine, ila isipite robo ya dakika zako za wiki, ama theluthi kama unakimbia siku 4 tu. Mwenye dakika 180 kwa siku 5, ndefu yake ni 45. Ni pole ile ile ya Hatua ya 2. Udongo tu.

## Hatua ya 7: Sufuria na kitanda

Mwili wa umri wako unataka usingizi wa saa 8 hadi 10. Sasa hebu hesabu: unaamka saa 10 na nusu usiku ndio ukimbie kabla ya kupanda mat ya shule, unarudi saa 1 jioni, homework hadi saa 5. Umelala masaa matano na nusu peke yake. Mdogo wangu, hiyo mbio ya asubuhi inakula kuliko inavyokulipa. Kimbia jioni uwanja wa shule, ama punguza siku. Kati ya dakika 30 za kukimbia na saa moja ya usingizi, nachagua usingizi, na najua kuna makocha watanikasirikia.

Chakula cha nyumbani kinatosha. Ugali, sukuma, ndengu, maharagwe, omena, mayai ukipata, viazi vitamu na nduma asubuhi, glasi ya maziwa ya mala ukitoka mazoezi. Hauhitaji unga wa mkebe.

Lakini chai. Sisi tunakunywa chai na chakula, na majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma, ambayo ndiyo yanabeba hewa kwa damu. Ngoja kama saa moja baada ya kula ndio unywe. Kwa chakula weka nyanya, ama ndimu juu ya sukuma, ama chungwa baadaye, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Ukiwa unachoka bila sababu wiki tatu nne na daftari linaonyesha hujaongeza kitu, nenda upimwe damu, hemoglobini, na feritini (akiba ya chuma mwilini) ikiwezekana. Usimeze tembe za chuma kwa kubahatisha.

Na wewe dada: hedhi ikipotea miezi mitatu sio ishara kwamba uko fiti, hata kama mtu amekuambia hivyo uwanjani. Mara nyingi ni ishara unakula kidogo kuliko unavyokimbia, na mifupa inalipa. Ongea na mama, shangazi ama daktari, na uongeze sahani.

## Hatua ya 8: Panapouma

Maumivu ya misuli yote kwa jumla ni kawaida. Yanayokuja ukianza na kuisha ukipata moto, pumzika siku moja ama mbili uangalie. Lakini ukibonyeza mfupa wa muundi na kuna sehemu moja, ndogo kama shilingi, inakurusha, ama unachechemea ukitembea, simama kabisa na uende hospitali. Huo unaweza kuwa mfupa unaoanza kupasuka, na mwenye kuendelea nao anageuza wiki 6 kuwa mwaka.

Usimeze dawa ya maumivu ndio ukimbie. Maumivu ni king'ora, na wewe unakata waya.

Mtu akikuambia kuna sindano ya nguvu, ama vitamini fulani kutoka kwa rafiki wa kemisti, toroka. Sheria za dawa haramu zinakuhesabia wewe kilicho mwilini mwako hata kama uliwekewa bila kujua, na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, hawapimi watu wazima peke yao. Ukiugua, mwambie daktari kabla hajaandika dawa kwamba wewe ni mwanariadha.

## Hatua ya 9: Mashindano

Chagua machache. Mita 1500, 3000, 5000, cross country za msimu, na kilomita 10 za barabara mara mbili kwa mwaka hivi. Nusu marathon iwachie wakubwa, hata ukisikia kuna pesa, na usikimbie kwa namba ya mtu mwingine ndio uingie.

Kosa la siku yenyewe ni raundi ya kwanza. Mita 5000 ni raundi 12 na nusu. Ukitaka 16:40 kila raundi ni sekunde 80, ukitaka 20:00 ni sekunde 96. Kijana wa 80 anapita ya kwanza na 70, uwanja unapiga kelele, raundi ya 8 anapitwa hata na watoto. Pita ya kwanza na 81. Utajisikia umeachwa, utakua wa kumi na kitu, tulia. Kuanzia raundi ya 7 watarudi kwako mmoja mmoja.

Msimu ukiisha, wiki 2 bila kukimbia. Cheza mpira, kaa. Halafu anza chini kidogo ya ulipoachia.

## Hatua ya 10: Jipime bila kushindana

Kila wiki 8, mwisho wa wiki ya kushuka, nenda njia ile ile, saa ile ile, viatu vile vile. Kimbia dakika 30 kwa pumzi ya kusimulia mechi. Dakika ikigonga 30 simama, weka alama, mti, mlingoti, geti la mtu, uandike kwa daftari.

Mara inayofuata ukipita ile alama hata kwa mita 200 na bado unaongea, rudi Hatua ya 3, ongeza dakika 15 kwa wiki. Ukiishia pale pale, usiongeze kitu, soma kwanza safu ya usingizi. Ukiishia nyuma yake, chukua wiki nyingine ya kushuka, na kama kuna jamaa mpya kwa kikundi, muache aende.